HITA YA MAJI SI JIKO: MABOMBA YA GESI YAFUNGWE INAVYOPASA



Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumze na mafundi wa bomba, mafundi ujenzi, wafanyakazi wa hoteli na wale wanaofanya kazi katika majumba ya watu, juu ya jambo ambalo linazidi kuingia katika kazi zetu hapa Rusizi. Jambo lenyewe ni hita za maji zinazotumia gesi, na hasa mabomba yanayopeleka gesi kwenye hita hizo.

Kila mmoja wetu anafahamu jinsi gesi ilivyoingia nchini. Katika mpango wake wa maendeleo wa mwaka 2017 hadi 2024, serikali ya Rwanda iliweka lengo la kupunguza nyumba zinazopika kwa kuni, kutoka asilimia 83.3 mwaka 2014 hadi asilimia 42 mwaka 2024. Tangu hapo mitungi ya gesi imekuwa ikipanda Kamembe kwa malori yanayopita msitu wa Nyungwe, na mtu ambaye jana alipuliza makaa leo anawasha jiko kwa kugeuza kitufe. Hayo ni maendeleo, nasi tunayaunga mkono.

Lakini baada ya jiko huja hita. Mwenye nyumba akiisha kuzoea gesi jikoni, anataka pia maji ya moto bafuni. Hununua hita, humwita fundi, na kumwambia: "Fundi, unganisha hapo hapo kwenye mtungi wa jikoni, mpira upo." Fundi anayetafuta riziki yake huunganisha, maji hutoka ya moto, analipwa na kwenda zake. Hatari haionekani siku hiyo. Huonekana siku nyingine, mlango wa bafu ukiwa umefungwa na mtu yuko ndani.

Makala haya yanataka kueleza jambo moja tu: hita ya maji si jiko. Haifungwi kwa vifaa vya jiko, wala haiwekwi mahali pa jiko. Sababu zake tutazieleza moja moja, ili fundi aweze naye kumweleza mwenye nyumba.

NI GESI GANI HII?

Watu wengi huuliza kama gesi ya mitungi hutoka katika Ziwa Kivu letu. Jibu ni hapana. Gesi ya ziwa ni methani. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuitumia mwaka 1963, na tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi huichoma ili kupata umeme wa megawati 26. Methani hiyo ni ndugu wa gesi ya samadi, kama ile iliyotengenezwa katika gereza la Cyangugu kwa mitambo ya chuo cha KIST cha Kigali, kazi iliyopewa tuzo ya Ashden mwaka 2005.

Gesi ya mtungi ni nyingine. Ni mchanganyiko wa propani na butani, hutokana na mafuta ya petroli, na hutufikia kwa barabara kutoka bandari za Afrika Mashariki. Ndani ya mtungi imeshindiliwa mpaka ikawa maji. Lita moja ya maji hayo ikifunguliwa huwa kiasi cha lita 250 za gesi. Kwa hiyo tundu dogo linalovujisha maji ya gesi ni hatari kuliko linavyoonekana.

Tofauti ya gesi hizi mbili ina maana kubwa kwa fundi. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu na kutoka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu na butani mara mbili hivi. Ikivuja haipandi, bali hulala chini na kutiririka kama maji. Mji wetu umejengwa juu ya vilima vinavyoteremka ziwani, nyumba moja juu ya nyingine. Basi gesi iliyovuja katika nyumba ya juu inaweza kufuata mtaro au ngazi mpaka katika chumba cha jirani wa chini, ambaye hana hata mtungi. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu 2 hadi 10 katika 100, cheche moja yatosha kuilipua.

Jambo la pili ni kwamba hita iliyotengenezwa kwa methani ina nozeli yenye tundu kubwa. Ukiifunga kwenye gesi ya mtungi, moto huwa mrefu, wa njano, wenye masizi. Soma kibandiko cha hita kabla ya kuitoa katika boksi. Ikiwa haikuandikwa gesi ya propani au butani, usiifunge.

HITA HULA GESI KIASI GANI?

Tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Jiko la vichomeo viwili, vyote vikiwaka kwa nguvu, hutumia kilowati 4 au 5, yaani kama theluthi moja ya kilo ya gesi kwa saa. Hita ya kutoa lita 10 za maji ya moto kwa dakika huhitaji kilowati 20 hivi. Hiyo ni gesi kilo 1.6 kwa saa, karibu mara tano ya jiko zima.

Kutokana na hesabu hiyo mambo matatu yanafuata.

Kwanza, mtungi. Gesi iliyo maji ikigeuka kuwa hewa huhitaji joto, na joto hilo huliteka kutoka katika chuma cha mtungi. Ukiivuta polepole kama jiko linavyoivuta, mtungi hustahimili. Ukiivuta kwa kasi ya hita, mtungi mdogo wa kilo 6 hupoa, hutoa jasho, na shinikizo hushuka. Moto wa hita hudhoofika wakati mtu yuko katikati ya kuoga. Basi watu huutingisha mtungi, wengine huumwagia maji ya moto au kuulaza ubavu. Hayo yote ni hatari. Mtungi ukilazwa, maji ya gesi yenyewe yanaweza kuingia katika bomba. Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi, au mitungi miwili mikubwa iliyounganishwa pamoja na kusimama wima.

Pili, regyuleta. Kazi yake ni kushusha shinikizo la mtungi mpaka kiasi cha milibari 30, yaani nguvu ya kuinua maji sentimita 30 tu. Juu ya regyuleta pameandikwa kiasi cha gesi inachoweza kupitisha kwa saa. Ikiwa imeandikwa kilo 1 kwa saa, haitoshi hita ya kilo 1.6, sembuse hita pamoja na jiko. Jumlisha vyombo vyote vya nyumba, ndipo uchague regyuleta.

Tatu, upana wa bomba. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Fundi hufikiri kwamba bomba lenye nusu ya upana litapitisha nusu ya gesi. Sivyo. Kwa shinikizo lile lile na urefu ule ule, bomba lenye nusu ya upana hupitisha chini ya moja ya tano. Mpira wa jikoni wenye tundu la milimita 8 unafaa kwa mita moja ya jiko. Ukiuvuta mita 7 au 8 kupitia dirishani mpaka kwenye hita, gesi inayofika ni ya kubahatisha. Kwa hita ya kilowati 20, bomba la shaba la milimita 15 hufaa kwa mita 8 au 9 hivi. Zaidi ya hapo, au pakiwa na kona nyingi, au likilisha jiko pia, chukua la milimita 22.

JINSI YA KUFUNGA BOMBA

Mtungi ukae nje ya nyumba, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, pasipo jua kali wala moto, na pasipo mfuniko wa mtaro au dirisha la chumba cha chini karibu nao. Kibanda chake kiwe na matundu chini, kwa sababu gesi hutokea chini. Usiuweke chini ya ngazi, wala katika chumba kilichochimbwa ubavuni mwa kilima.

Kutoka kwenye regyuleta hadi kwenye hita, njia iwe ya bomba gumu, la shaba au la chuma. Mabomba ya plastiki ya maji, hata yawe mazito namna gani, si ya gesi. Huyeyuka kwa moto na viungo vyake havikukusudiwa kazi hiyo.

Viungo vya shaba viunganishwe kwa kuchomelea kwa madini magumu yenye fedha au fosforasi, wala si kwa risasi ya bati. Bati huyeyuka kabla ya nyuzi 240 za joto. Moto mdogo tu wa jikoni ukitokea, kiungo cha bati huachia, na gesi huja kuulisha moto huo. Viungo vya chuma vyenye skrubu vipakwe dawa au utepe uliotengenezwa kwa gesi, si katani na rangi.

Bomba likipita ukutani, lipitie ndani ya bomba jingine kubwa zaidi, ili saruji isilile na nyumba ikishuka isilivunje. Usilifukie katika plasta pamoja na viungo vyake. Kiungo kisichoonekana hakiwezi kukaguliwa. Liwe mbali na nyaya za umeme. Lishikwe na vibanio, lisining'inie. Liandikwe au lipakwe rangi ya manjano, ili fundi atakayekuja kesho na tindo yake ajue ni la nini.

Mbele ya kila chombo paweko koki yake. Koki ya hita iwe mahali ambapo mtoto hafiki lakini mtu mzima aifikie mara moja.

Mpira una mahali pake, nao ni pale mwishoni, kati ya koki na jiko. Uwe mpira wa gesi ulioandikwa tarehe, usizidi mita moja na nusu, ufungwe kwa klipu pande zote mbili, usipite ukutani wala nyuma ya moto. Tarehe yake ikipita ubadilishwe, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Waya wa kufungia si klipu.

HEWA NA MOSHI

Tumeeleza gesi inayoingia. Sasa tueleze hewa, maana hewa ndiyo huua kwa kimya.

Kilo moja ya gesi ya mtungi huhitaji kiasi cha mita 12 za ujazo za hewa ili iungue vizuri. Hita yetu ya kilo 1.6 basi hutaka mita 20 za ujazo kwa saa pwani. Lakini sisi hatuko pwani. Ziwa Kivu liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Kamembe iko juu zaidi. Hapa hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo hita hiyo hiyo hutaka karibu mita 24 za ujazo. Bafu la mita 2 kwa mita 1 na nusu, lenye kimo cha mita 2 na nusu, lina hewa mita 7 na nusu za ujazo tu. Ikiwa hita iko ndani ya bafu hilo na mlango umefungwa, kwa dakika 20 ingehitaji hewa yote iliyomo. Aogaye naye anapumua hewa hiyo hiyo.

Mambo huharibika mapema zaidi ya hizo dakika 20. Hewa ikipungua, gesi haiungui sawasawa, na hapo hutoka hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu kali ya gesi ya mtungi, ambayo viwanda huitia makusudi ili tusikie inapovuja, huungua pamoja na gesi. Haiwezi kutuonya juu ya sumu hii. Kaboni monoksaidi hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, miguu hulegea, kisha huanguka bila kupata nguvu ya kufungua komeo. Nje watu hudhani bado anaoga.

Kwa hiyo hita ya gesi isiyo na dohani haifungwi bafuni wala chumba cha kulala, hata kama mwenye nyumba ana haraka, hata kama ndiyo hita ndogo kuliko zote dukani. Mahali pake pa kwanza ni nje, ukutani, chini ya paa dogo la kuizuia mvua, mbali na madirisha. Maji ya moto ndiyo yasafiri kuingia bafuni, moto na moshi vibaki nje. Ikilazimu iwe ndani, iwe ni ya dohani, na dohani itoke nje kabisa, si darini. Chumba hicho kiwe na matundu mawili ya kudumu, moja chini na moja juu, yasiyozibwa na nguo wala gazeti wakati wa baridi.

Kuhusu mwinuko wetu, soma kitabu cha hita uone mpaka mita ngapi inaruhusiwa. Kanuni ya zamani inayotumiwa Marekani, kwa mahali palipozidi futi 2,000, hupunguza nguvu ya chombo asilimia 4 kwa kila futi 1,000, yaani kila mita 300 hivi, kutoka usawa wa bahari. Kwa Kamembe hiyo ni karibu moja ya tano. Maana yake ni kwamba hita iliyopimwa pwani inaweza kutoa moto mchafu huku kwetu. Moto mzuri ni wa bluu na umetulia. Moto wa njano unaochezacheza, au masizi juu ya hita, ni amri ya kufunga koki.

KUPIMA KABLA YA KUKABIDHI

Kazi ya gesi haijaisha mpaka imepimwa. Kipimo chake hakihitaji fedha nyingi. Chukua mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, upinde kama herufi U juu ya ubao wenye alama za sentimita, utie maji nusu. Unganisha upande mmoja kwenye bomba, funga koki za vyombo vyote, tenga mtungi na regyuleta, kisha ingiza hewa kwa pampu ya baiskeli polepole mpaka tofauti ya maji iwe sentimita 45. Ngoja dakika 5 hewa itulie. Halafu tazama dakika 5 nyingine. Maji yasishuke hata kidogo. Yakishuka, kuna tundu, hata kama hulioni.

Tundu hutafutwa kwa povu la sabuni na brashi, kiungo kwa kiungo. Halitafutwi kwa kiberiti. Tunalisema hili kwa sababu bado wako wanaofanya hivyo na kujisifu kwamba hawajaungua.

Baada ya kufunga mtungi, washa hita na jiko kwa pamoja, kisha pima shinikizo karibu na hita na ulilinganishe na kitabu chake. Likiwa chini, bomba ni jembamba au regyuleta ni ndogo.

Mwisho, wafundishe wanaobaki na chombo: mwenye nyumba, na pia mfanyakazi wa nyumbani, ambaye mara nyingi ndiye anayewasha na kuzima. Wakisikia harufu, wafunge mtungi, wafungue milango, wasiguse swichi yoyote ya umeme, si kuwasha wala kuzima, watoke nje wote.

HAKI ZETU NA WAJIBU WETU

Ndugu, tunajua vizuri atakalosema mwenye nyumba au msimamizi: "Bomba la shaba ni ghali. Fundi mwenzako atanifungia kwa mpira kwa nusu ya bei." Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo letu. Fundi mmoja akikataa peke yake, hukosa kazi. Mafundi wa mtaa mzima wakikataa, mpira unakwisha.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, unasema mfanyakazi anayejitoa katika kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba ipo hatari kubwa inayokaribia maisha au afya yake, alindwe asiadhibiwe. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni mwaka 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Mfanyakazi wa hoteli anayelala chumba cha nyuma, pamoja na hita na mitungi, anahusika na maneno hayo, sawa na fundi aliye juu ya ngazi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Mafundi wa Kamembe na vitongoji vyake wakubaliane bei moja ya chini ya kufunga hita, ambayo ndani yake yamo bomba gumu, koki na kipimo. Kila fundi aandike karatasi yenye tarehe, aina ya bomba, regyuleta na matokeo ya kipimo, nakala moja kwa mwenye nyumba na moja kwake. Na vijana wanaojifunza kazi wasipewe hita kuifunga peke yao kabla ya kupima bomba mara kadhaa mbele ya fundi mkuu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, na gharama yake haihesabiwi kwa matofali. Mwenye nyumba akibisha, mpigie hesabu hizi mbele yake: kilo 1.6 za gesi, mita 24 za hewa, bafu la mita 7 na nusu. Akiisha kuzielewa na bado anataka mpira, mwachie mpira wake, chukua vyombo vyako, na uwaarifu wenzako wa mtaa huo siku hiyo hiyo.